Gundi ya Nyuki na Ngamia wa Maziwa

Babu yako alikuwa akisimama mlangoni pa zizi jioni na kujua mnyama aliyekosekana bila kuhesabu. Aliwatambua kwa nyuso. Maradhi ya kusahau yalipomwingia, alianza kupoteza watu, kisha wanyama wakafuata. Siku aliyoniuliza mimi ni mke wa nani, nilimjibu kwamba ni wa mwanamume mmoja aliyewahi kuwa na akili. Sikulia.

Kilichonitia hofu ni ngamia. Ukame ulikuwa umetuachia mmoja tu wa maziwa, naye jirani yetu hapa Kanamkemer alidai kuwa ni wake, kwamba tulipewa kumtunza tu. Wazee walipanga kusikiliza shauri hilo, na neno walilolingojea lilikuwa la mwenye zizi. Langu lisingetosha. Lakini mzee asiyemjua mkewe angeaminiwaje?

Ndipo nikaenda Kakuma, kwa mkimbizi mmoja Mkongomani anayefuga nyuki. Nilikuwa nimesikia ya kuwa ile gundi nyeusi ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga huamsha ubongo. Alikuwa ameiloweka katika pombe kali, iwe matone ya kutia kwenye maji.

“Mama, siwezi kukudanganya,” alisema. “Dawa ya vidonda naijua. Ya kichwa, wataalamu wanajaribu kwa panya. Kwa muntu bado hawajajua.”

“Panya wamepona?”

“Wanasema panya wanakumbuka njia.”

“Basi mume wangu atakumbuka ngamia. Panya hana hata mmoja.”

Wewe nawe ulisoma kwenye simu ukanieleza hayo hayo: kwamba gundi hiyo huenda ikatuliza uvimbe ubongoni, ila kwa binadamu ushahidi ni haba. Muuguzi wa Lodwar alituonya vidonge vya babu yako visiachwe, na havikuachwa. Lakini nilikuamuru ufunge mdomo, nami kisimani nikamtangazia kila mwanamke ya kuwa mume wangu amerudiwa na akili.

Kila asubuhi nilimnywesha matone hayo, kisha nikamhoji: ngamia huyu mama yake ni yupi? Alipokosea, nilimnyima chai mpaka apatie. Anayeuona huo kuwa ukatili hajawahi kuwalaza watoto bila maziwa. Mwishowe akaanza kupatia, nikaamini kwamba dawa inashika.

Siku ya shauri alikaa wima juu ya kigoda chake. Walipomuuliza, sauti ilimtoka safi kama ya ujanani. Alimtaja mama wa ngamia, akamtaja mama wa huyo mama, kisima walikonyweshwa, na mvua iliyonyesha siku aliyozaliwa. Nilianza kujivuna. Kisha akamnyooshea jirani fimbo.

“Ni wa kwako. Ulitupa tukutunzie. Mchukue.”

Kila neno lilikuwa la kweli, lakini lilimhusu ngamia mwingine, wa jirani kweli, aliyekufa wakati wa ukame. Mifupa yake niliiona kwa macho yangu. Huyu aliyebaki alizaliwa mikononi mwangu, na mama yake alikuwa wetu.

Nikasimama. “Wazee, huyu ni mgonjwa. Amechanganya ngamia wawili.”

Jirani hakupandisha sauti. “Mama, si wewe uliyewaambia wake zetu kisimani kwamba amepona? Amepona lini, na ameugua lini tena? Au huugua akisema usilolitaka?”

Wakacheka. Mzee mmoja akaniambia niketi, kwa kuwa dawa yangu imefanya kazi.

Ngamia akafungwa kamba, akaenda. Babu yako alifurahi mno, maana alikuwa amesema mbele ya wanaume, nao wakanyamaza kumsikiliza. Jioni akaomba maziwa.

“Yako kwa jirani,” nilimwambia. “Si ulimpa?”

Akachukua fimbo yake, akayafuata. Nilimwacha apige hodi langoni kwao, nikawasikia wakimcheka, ndipo nikakutuma umrudishe. Alipofika aliniamkia kwa adabu, kama mgeni, akaniuliza kama katika boma hili kuna mtu anayekamua.