Mawese Ndani ya Mashine

Nilipofungua mashine ya marehemu baba, kompyuta ya zamani, kilichonipokea ni harufu ya mawese yaliyochacha. Natengeneza simu na redio hapa Kasongo miaka mingi sasa, na ndani ya vyombo vya watu nimekuta mende, mchanga, chai, hata mchele. Mawese sikuwahi kuyakuta. Ubao wote wa ndani ulikuwa umepakwa kwa uangalifu, kona hadi kona, na mafuta yameganda na kuwa meusi kama masizi ya sufuria.

Nilimwita mama barazani. Alikuwa amehamia kwangu kutoka Wamaza baada ya matanga, na mashine hiyo aliipakata mwenyewe juu ya pikipiki njia nzima, imefungwa kwenye kitenge. Nikamwuliza ni nani aliyefanya ujinga huu. Hakuona haya hata kidogo. Alieleza kwamba wakati wa vita, kabla ya kukimbilia porini, baba alimwachia kazi ya kuifukia chini ya sakafu ya jikoni, akamwambia aitunze isipate kutu.

"Niliipakaliya mawese, mutoto wangu, sawa vile tunapakaliyaka jembe kisha kulima. Jembe ya baba yako ingali. Haina kutu."

Ni kweli, kwetu kila mtu hufanya hivyo. Msimu ukiisha, jembe linasuguliwa, linapakwa mawese, linachomekwa darini. Lakini mimi sikutaka kusikia habari za majembe. Nilimwambia mama maneno ambayo mtu hamwambii mama yake. Nilisema ameua kitu pekee cha maana alichotuachia baba, na kwamba ingekuwa heri askari wangekichukua. Alisimama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kutwanga sombe yake, majani ya muhogo ya mboga.

Sababu ya hasira yangu niiseme. Baba alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Kasongo aliyeoa Wamaza na kubaki huko. Kompyuta hiyo aliachiwa na mwalimu mwenzake, mgeni, aliyekuwa anarudi kwao: kibodi nene yenye mdomo wa disketi ubavuni, unaichomeka kwenye televisheni. Kila jioni, mradi jenereta ya shule inanguruma, aliandika humo maneno ya Kibangubangu, lugha ya watu wa Wamaza, na maana zake kwa Kifaransa. Alitaka kuacha kamusi. Lakini sisi watoto tukithubutu kusema Kibangubangu mezani, alituondolea sahani. Hiyo ni lugha ya shamba, alisema, haitawafikisha popote. Tukatii, na lugha ikatupotea. Siku ya kumzika, wanawake wa Wamaza walimlilia kwa kuimba, wakisimulia maisha yake yote, na mimi, mtoto wake wa kwanza, nilikuwa namwuliza jirani wanasema nini juu ya baba yangu. Jirani alinitafsiria nusu. Nusu nyingine alinitazama tu. Aibu hiyo sijaimeza mpaka leo, na nilimchukia baba kaburini kwa ajili yake. Basi nilitaka yale maneno. Niliona ana deni kwangu.

Nikaanza na umeme, maana kompyuta haikuwasha hata kitaa chake chekundu. Fyuzi ilikuwa imekatika, nikaweka nyingine. Kisanduku cha umeme kikiwa peke yake kilitoa volti zake tano sawasawa. Nikikiunga na ubao, zinaanguka hadi sifuri. Maana yake kuna mahali nyaya zinagusana. Niliwasha umeme kwa sekunde chache, nikapitisha kidole juu ya kapasita, vile vipande vidogo vya kutunza umeme, moja baada ya nyingine mpaka nikapata moja ya moto. Nikaing'oa. Volti zikatulia, taa ikawaka, na televisheni ikabaki nyeusi tii.

Hapo ndipo mawese yalipoanza kunilipizia kisasi. Chipu zote zilikuwa zimekaa kwenye soketi, na mafuta yalikuwa yamejipenyeza kati ya kila mguu na tundu lake. Ilibidi kuzing'oa zote na kuziosha. Spiriti haikuwepo sokoni. Kilichokuwepo ni lutuku, ile pombe kali wanayokunywa wachimba dhahabu wakirudi kutoka Lusangi, na nyumba yetu ni ya swala tano. Nilinunua chupa nzima mchana kweupe, kwa sababu sikuwa na la kuficha. Ijumaa, nje ya msikiti, mzee mmoja alinishika mkono akanihurumia kwa kufiwa, akaniambia kwa upole kwamba majonzi hayaoshwi kwa kileo. Nikamwambia naosha chipu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia uongo mkubwa zaidi.

Mama aliiona ile chupa. Kila mchana aliniletea ugali na sombe, akafunika, akaondoka. Nilikula bila kumshukuru.

Baada ya chipu, kompyuta iliamka. Herufi zilitokea kwenye televisheni, zinatetemeka kidogo, na mimi mtu mzima nikapiga makofi peke yangu. Ukanda wa kuzungushia disketi ulikuwa umeyeyuka, nikaweka wa redio ya kaseti. Zikabaki disketi tano za baba, zilizofukiwa pamoja na mashine. Mama hakuwa amefanya kazi nusu: kila moja alikuwa amefungua kidirisha chake na kupaka. Nilitoa utando wa ndani, nikauosha kwa maji ya sabuni, nikaukausha. Nne ziligoma kabisa, na kila ilipogoma nilimlaani mama moyoni kwa jina. Ya tano ilikubali.

Juu kabisa palikuwa na jina la baba, na cheo chake cha ualimu. Chini yake safu mbili: kushoto neno la Kibangubangu, kulia maana. Lakini kulia palikuwa na maana chache mno. Karibu kila mahali aliandika kwa Kifaransa maneno yaleyale: kumwuliza mke wangu. Nikashuka ukurasa wa pili, wa tatu, wa kumi. Kumwuliza mke wangu. Kumwuliza mke wangu. Jina la mke huyo halikuwepo popote.

Ndipo nikakumbuka zile jioni. Baba mbele ya mashine, na mama nyuma yake kwenye kigoda, anachambua maharagwe na kunong'ona. Sisi tulidhani anaongea peke yake, na tulikuwa tunamcheka.

Nilichukua daftari nikaenda jikoni. Alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Nikaketi chini, nikamwomba msamaha kwa yale niliyosema barazani, na nikamwambia kuna maneno nahitaji anieleze. Akauliza kama mashine inasema sasa. Nikajibu ndiyo, inasema.

"Maneno yote nilimupa baba yako, akayaweka mule," alisema. "Wewe ulinigombeza juu ya mashine. Inawaka. Uiulize."

Siku zote husema mutoto wangu. Siku hiyo hakunitaja kwa lolote. Nilimsihi tena, akaniomba nisogeze mguu, unga usimwagike.

Jirani mmoja, mwanamke aliyetoka Kabambare, akapita uani na ndoo ya maji. Mama akamwita, akampa kigoda, wakaanza kuzungumza Kibangubangu. Walizungumza sana. Mara mbili walinitazama, na mara ya pili wakacheka. Nilibaki na daftari magotini, wazi, na safari hii sikuwa na mtu wa kumwuliza wanasema nini.