Safari ya Vitongoji, kwa Zuhura wa Pichani

Niliondoka Jadida, mtaani kwetu Wete, kwa sababu ya wivu, ingawa majirani niliwaambia nakwenda kumsalimia mdogo wangu.

Zuhura alikuwa na miaka kumi na minne pale baba mdogo alipokimbia vurugu za siasa akavuka naye bahari mpaka kambi ya wakimbizi. Mimi nilibaki Wete na mama. Baadaye ikatufikia picha yake kwenye karatasi ya wafadhili: pekupeku, macho yamelegea, sahani tupu mkononi. Mama akaibandika ukutani. Kabla hatujapata simu ya kuzungumza na Zuhura, mama akapooza, akakata kauli. Nilimwogesha, nikamlisha kwa kijiko, na macho yake yote kwenye picha. Hata wageni walikuja kuuliza habari za Zuhura. Niseme kweli: nilimwonea wivu mtu mwenye njaa.

Mama alipofariki, Zuhura akarudi na mumewe, mtu wa kijiji cha Vitongoji waliyeoana huko ukimbizini, wakakaa kwao mume. Alipokuja kuzuru kaburi, nilijifanya nimesafiri. Akanialika mara tatu. Mara ya nne nikaibandua picha, nikaitia mkobani.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye gari ya Chake. Njia nzima karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, nami nikipanga maneno. Nilijua nitamkuta kakonda, kajikunyata. Nitampa picha yake, nimwambie, "Haya, mama ulikuwa naye wewe."

Chake nilinunua mkate na tende, nikachukua bodaboda.

Vitongoji nilipokelewa na mwanamke mnene wa miwani, utepe wa kupimia shingoni, akikata sare za skuli huku wateja wawili wakimngoja.

"Shikamoo, dada! Hatimaye umekuja!"

Nilimtazama nikimtafuta yule wa pichani, sikumwona. Nikaitoa karatasi. Zuhura akaitazama, akaangua kicheko.

"Hapa nilikuwa nishakula! Nimetoka kuiosha hiyo sahani. Mpiga picha akanambia nivue viatu, nisicheke." Akawageukia wateja. "Kambini tulikuwa na skuli, na harusi, na watu wenye maringo kuliko nyinyi. Cherehani nimejifunza huko huko."

Hasira zikanipanda. "Mama kaililia sahani hii mpaka anakufa."

Kicheko kikamkatika. Akakaa.

"Njaa ilikuwapo, dada, siku nyingine. Lakini iliyonitafuna si hiyo. Sauti ya mama imenitoka. Uso nnao, sauti sina. Alikuwa akiniitaje?"

Nilikuwa najua. Enzi za utoto wetu, kila magharibi mama alisimama mlango wa jikoni akimwita arudi kutoka kwa majirani. Hicho kilikuwa kitu pekee cha mama nilichokuwa nacho mimi na yeye hana.

"Nimesahau," nikasema.

Akanimiminia chai, akanikatia ule mkate wangu, akarudi kwenye kitambaa chake. Nikaiweka chai chini, nikapaza sauti kama mama.

"Zuhuraaa! Wee Zuhura! Uji wapoa!"

Wateja waligeuka. Mkasi ulimponyoka, akajifunika uso kwa kanga.

"Tena," akasema.

Nikamwita tena, na tena, mpaka sauti ikanikauka.

Alasiri nilipanda gari ya kurudi. Picha nilimwachia. Nikafikiri namna sote tulivyoitazama miaka yote ile, tukamwonea huruma, nami nikamwonea wivu, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe alichokikosa. Tulishajijibu.

Lakini wivu haukuniisha. Sauti ile niliyokuwa naipaza kwake ilikuwa na jina lake ndani yake, si langu. Njia nzima nilijaribu kukumbuka mama akiniita mimi vile, kutoka mbali, kwa kelele. Sikupata hata mara moja, na moyo ukaniuma.

Gari ilikuwa imeshaingia Wete nilipotambua kwa nini. Mama hakuwa na haja ya kunipigia kelele. Akinitaka alinyoosha mkono tu, nami nilikuwa pale.