Nani Kaimaliza Tyubu ya Mama Pasi?

Mama Pasi anapiga pasi kama wengine wanavyopiga soga: bila kuangalia, bila kuchoka. Duka lake la udobi ni chumba kimoja chenye meza ndefu, mashati yaliyoning'inia kwenye henga, na dirisha kubwa upande wa kushoto ambalo jua la alasiri huingia bila kubisha hodi. Dirisha hilo aliligombania mwenyewe kwa mwenye nyumba, akitaka mwanga wa kuonea mikunjo. Mwanga akaupata, na nyongeza juu. Alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili, ambaye sasa yuko darasa la kwanza, mabaka ya kahawia yalimtokea mashavuni na hayakuondoka. Shavu la upande wa dirisha likazidi kukolea, kama shati lililosahauliwa chini ya pasi.

Wateja, kwa huruma zao, hawakuacha kumkumbusha. "Mama Pasi, umeungua?" "Mama Pasi, nani kakupiga?" Mmoja alimnong'oneza kwamba wanaume wote ndivyo walivyo, avumilie tu. Mama Pasi alicheka mpaka akaunguza kola. Mumewe ni karani wa bohari siku za kazi na refa wa mpira kila Jumamosi. Kitu pekee alichowahi kumpigia mtu ni filimbi.

Lakini usiku, mbele ya kioo, hakucheka. Alitaka uso wake. Si mweupe, si wa gazetini. Ule wa zamani tu.

Wa kwanza kumpa msaada alikuwa wifi yake, dada wa Refa, anayekaa nao na kuuza vipodozi. Alimletea kopo lisilo na lebo.

"Wifi, hii ukipaka wiki moja tu, mama yako mzazi atakusalimia shikamoo akidhani ni mgeni."

Mama Pasi alimtazama wifi: uso wa rangi ya maziwa, vifundo vya vidole vyeusi kana kwamba vilikataa kuhama na wenzake. "Ahsante, wifi. Mkorogo wako uache ukukoroge mwenyewe."

Akaenda hospitali kwa daktari wa ngozi, mama wa makamo mwenye miwani puani na maneno ya moja kwa moja.

"Hii inaitwa melasma," alisema daktari. "Haiui, haiambukizi, ila ina kiburi. Mimba huianzisha, jua huinenepesha, na hata joto la hiyo pasi yako linachangia." Akamwandikia krimu kali. "Usiku tu. Kiasi cha punje ya njegere, kwenye mabaka, siyo mwili mzima. Baada ya miezi mitatu tunaacha, ngozi ipumzike. Mchana losheni ya kukinga jua, na dirisha lako livalishwe pazia. Tena nisikilize: nimesema yatafifia, sijasema yataisha. Ukiipaka ovyo, ngozi itakuwa nyepesi kama karatasi, na mimi nitafunga bomba, sikuandikii tena."

Nyumbani, Refa alitoa hotuba. Refa hutoa hotuba kwa kila kitu, hata chumvi ikizidi. "Krimu ni mambo ya kutojiamini, mama watoto. Mwanaume akishaoa, kaoa na rangi. Mimi uso wangu unajua maji na sabuni, basi."

Mama Pasi akapaka punje yake kila usiku, tyubu akaiweka kwenye kikombe cha miswaki. Shavu likaanza kufunguka. Lakini na tyubu nayo ikaanza kukonda, na kabla mwezi haujaisha ilikuwa bapa kama mkanda. Akarudi kwa daktari kuomba nyingine.

"Mama, unapaka wapi na wapi?"

"Mashavuni tu, daktari."

"Basi una mashavu mengi." Daktari akaweka kalamu chini. "Mpaka nijue dawa imekwenda wapi, siandiki. Siyo roho mbaya. Kuna mtu mahali fulani anajiharibu ngozi."

Mama Pasi alirudi na mshtakiwa wake tayari kichwani.

"Wifi, tyubu yangu."

"Imefanyaje?"

"Umeila."

Wifi alicheka akakaa chini. "Mimi? Mwenye duka zima la krimu? Niibe yako ya hospitali, isiyo na hata harufu? Nikianza wizi, wifi yangu, nitaiba kitu cha maana." Akajifuta macho. "Halafu acha kuhangaika na upelelezi. Dawa kama hiyo, aliyeipaka nyingi akipigwa na jua, ngozi itamtaja yenyewe."

Jumamosi wakaenda wote uwanjani, Mama Pasi chini ya mwavuli kama alivyoagizwa. Refa akaingia amenyoa ndevu, taya inameta, kaptula imenyooka. Jua lilikuwa limesimama katikati ya uwanja kama mchezaji wa ziada.

Kipindi cha kwanza kilikwenda salama. Cha pili, Refa alianza kujikuna. Alijikuna kidevu, wachezaji wakadhani kaonyesha kona. Alijikuna shingo, golikipa akasimamisha mchezo. Taya yote ilikuwa imeiva, rangi ya tofali lililotoka tanuruni. Alipomtolea beki kadi nyekundu, shabiki mmoja akapaza sauti: "Refa, ipi? Ya mkononi au ya usoni?"

Mama Pasi aliteremsha mwavuli taratibu. Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Mechi ilipoisha walimkuta nyuma ya goli akijimwagia maji.

"Baba watoto, nini kinakuwasha?"

"Vumbi."

"Vumbi limefuata ndevu tu?"

Refa alitafuta hotuba, akaikosa. "Vile vipele vya kunyolea," akasema chini chini, "vimeniachia madoa. Watu uwanjani wananiita Kanga. Kila nikipuliza filimbi, jukwaa zima linalia kama kanga."

"Ukaipaka kiasi gani?"

"Kiganja. Asubuhi, nikishanyoa."

"Kiganja!" Wifi alipiga kelele. "Kaka, hata mimi sithubutu!"

Mama Pasi alimsogelea mumewe na mwavuli. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mengine ya kurudisha hotuba zake moja moja. Akampa mwavuli. "Jumatatu twende kwa daktari. Na uso huohuo."

Daktari aliinua miwani, akamkagua Refa kutoka sikio hadi sikio. "Kumbe haya ndiyo yale mashavu mengi." Kisha akaandika: tyubu mpya ya Mama Pasi, mafuta ya kutuliza ya Refa, na amri ya kuacha kunyoa kwanza, na losheni ya kukinga jua kwa wote wawili.

Mabaka ya Mama Pasi sasa yamefifia, rangi ya chai nyepesi ya mgonjwa. Miezi ya mapumziko ikifika anaiacha krimu, na akizembea losheni yanarudi kuchungulia. Tyubu anaificha dukani, mfukoni mwa koti ambalo mteja hajarudi kulichukua tangu mwaka juzi.

Refa anachezesha akiwa na ndevu na uso uliopakwa losheni nyeupe. Jukwaa sasa linamwita Chokaa. Hotuba zimepungua. Jioni akipita dukani kumchukua mkewe, kabla hata ya salamu, anakwenda moja kwa moja dirishani na kuvuta pazia.