Papa wa Ghorofa ya Saba

Dada yangu ni fundi wa meno ya bandia, na mtaani kwetu hakuna mkali kama yeye. Nasema hivyo nikiwa nampenda. Watoto wakimwona anakuja hukumbuka ghafla kwamba wametumwa dukani. Wateja wake, watu wazima na vyeo vyao, hukaa mbele yake midomo wazi wakimjibu kwa kutikisa kichwa. Na mimi, mdogo wake, alikuwa hanipi nafasi kwa sababu ya tamthilia ninazoangalia jioni. "Unajaza takataka kichwani," ananiambia. "Mtu mzima na akili zako!" Jamani, mimi nauza dawa, nashinda nimesimama tangu asubuhi, nikirudi nyumbani si nina haki ya kuangalia watu wakiachana? Lakini kwa kuwa ni mkubwa wangu, nilikuwa napunguza sauti tu.

Sasa sikilizeni. Siku moja niliingia karakana yake, kile chumba cha nyuma ya nyumba yetu, kutafuta mkasi. Kuna meza ndefu, taa ya shingo ndefu, ndoo ya plasta ya kuchukulia umbo la meno, televisheni ndogo, kiti cha wateja, na rafu ya maboksi aliyoyaandika kwa mkono wake. Boksi moja liliandikwa: MENO YA CHINI. USIGUSE. Nikagusa. Hata jino moja halikuwemo. Zilikuwemo diski kumi na nne za sinema, na kwenye kila kasha kuna papa kaachama. Papa harusini. Papa kwenye kisima. Papa aliyefufuka, sehemu ya kwanza na ya tatu. Ya pili sijui ilikwenda wapi.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, dada akasema kama kawaida, "Naenda kupumzisha macho," akajifungia karakanani. Nikamfuata nikatega sikio. Nikasikia mayowe, maji yakimwagika, halafu kicheko cha dada yangu, kile cha mtoto anayetekenywa. Nikagonga. Akafungua na uso wa mwizi wa kuku.

"Ni mambo ya kazi," akasema. "Naangalia meno."

"Meno gani, dada?"

Akajikaza, akajikaza, mwisho akashindwa, akaangua kicheko na kunivuta ndani. Tangu siku hiyo tukawa wawili, na habari ya takataka kichwani sikuisikia tena.

Zile sinema ni mbovu jamani, mbovu kupita kiasi, na utamu wake uko hapo hapo. Aipendayo dada ni ya papa aliyeingia kwenye tangi la maji juu ya jengo refu, akashuka kwa mabomba, akawa anakula wapangaji ghorofa ya saba. Kamba inayomvuta papa unaiona. Mtaalamu wa samaki amevaa miwani isiyo na vioo, ametambua kila kitu kwa kuonja maji ya bomba, na anasema, "Huyu si papa wa kawaida." Dada huisema sentensi hiyo pamoja naye, kwa sauti nzito, mkono kifuani. Kuna mama mmoja analiwa mara mbili, na mara ya pili amebadilisha gauni. Ukitoka hapo mbavu huna.

Ila nyumbani kwetu kulikuwa na jambo lisilochekesha hata kidogo, nalo lilikuwa baba. Baba alikuwa dalali wa minada, mtu aliyeuza kabati bovu watu wakagombania. Hata mama alipofariki, baba aliendelea kuzungumza. Lakini mwanzoni mwa mwaka meno yake ya mwisho yaling'olewa, na sauti ikaondoka nayo. Dada alimtengenezea seti nzima, juu na chini, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Baba aliivaa siku moja, akaifunga kwenye leso, akaitia kwenye droo. Eti inamuuma. Dada akasugua hapa, akasugua pale. Akatengeneza seti ya pili. Nayo ikaenda kwenye droo.

Miezi mitano baba akawa anaishi kwa uji na supu. Mkanda wake ulitobolewa matundu mapya mawili. Akizungumza anaziba mdomo kwa kiganja, na wageni wakija anajifanya amelala. Mtaani nako wasemaji hawakosekani: "Fundi wa watu wote, baba yake kibogoyo!" Dada alijifanya hasikii. Mimi nilimwona jikoni akisugua sufuria iliyokwisha takata, machozi yanamdondoka. Aliogopa, nami niliogopa, kwamba baba anaisha hivi hivi mbele ya macho yetu na tiba iko kwenye droo.

Basi Jumapili moja tuko ghorofa ya saba, papa anasubiri lifti, mlango wa karakana ukafunguka. Tulisahau kufunga. Baba huyo. Dada aliruka kuzima, rimoti ikamponyoka ikaingia kwenye ndoo ya plasta.

"Acha," baba akasema, kiganja mdomoni. "Ni mnyama gani huyo?"

"Papa, baba," dada akajibu kwa sauti ndogo. Mwanamke wa miaka arobaini na minane! "Ni... ni upuuzi tu."

"Naona." Akakaa kwenye kiti cha wateja.

Tukaangalia watatu, sisi wawili tumekauka. Baba hakucheka. Papa alipoachama mbele ya kamera, skrini nzima meno, baba akanyoosha kidole. "Msimamishe hapo." Dada akainuka akasimamisha kwa mkono.

"Hayo meno ni ya nani?" baba akauliza.

"Ya papa, baba."

"Hapana. Hayo hayana mwenyewe. Yote meupe, yote urefu mmoja, kama sahani za dukani. Mwanangu, hayo ndiyo uliyonifanyia mimi."

Dada akapauka.

"Kumbe hayakuumi," akasema.

"Hayaumi. Ningekwambiaje? Umekesha na meno yale, umejisifu kwa watu. Lakini nikiyavaa nikajitazama, kuna mtu simjui. Mimi nilikuwa na mwanya hapa mbele. Na hili la pembeni lilimpanda mwenzake. Mama yenu alinikubali kwa mwanya ule, alikuwa akiniambia hivyo mpaka tunazeeka."

Dada akashika kichwa. Ana sharti moja ambalo hajawahi kumsamehe mteja: kabla hajagusa plasta, uje na picha yako ya zamani ukiwa unacheka, ajue meno yako yalikaaje. Amewahi kumrudisha nyumbani mzee mzima kwa kukosa picha. Lakini kwa baba yake mwenyewe hakuomba picha. Aliona ya nini, uso ule ameuangalia maisha yake yote. Na kwa mapenzi akaamua kumpa mzazi wake meno mazuri kuliko aliyopewa na Mungu, akauziba mwanya, akalinyoosha lile lililompanda mwenzake.

"Nisamehe, baba," akasema. "Nilitaka upendeze."

"Najua. Sasa mwache samaki wako amalizie lifti yake."

Picha tuliipata ndani ya sanduku la mama, baba kijana mnadani, kaachama anataja bei. Dada aliiegemeza kwenye taa ya shingo, akafanya kazi siku nne hata simu hapokei. Nilimwona akichukua meno mapya kabisa, akiyapaka rangi ya manjano kidogo, akiyasugua ncha ili yaonekane yameshatafuna sana. Alinong'ona, "Nilipokuwa nafundishwa kazi ningefukuzwa kwa hili." Mwanya aliuacha mpana kama ulivyo pichani, akaupima mara tatu.

Alhamisi baba akakaa kitini. Dada akamvalisha, akamng'atisha karatasi ya rangi kuona meno yanapogusana, akasugua kidogo, akamvalisha tena. Akampa kioo, akageuka akajifanya anapanga koleo.

Baba alijitazama muda mrefu. Akafunga mdomo, akafungua. Akaingiza ncha ya ulimi kwenye mwanya. Mimi nilikuwa mlangoni na koti la duka la dawa tayari mwilini, nimechelewa kazini na sijali.

"Baba?" dada akauliza bila kugeuka. "Vipi?"

"Tulia kwanza," baba akasema, na kiganja chake kilikuwa gotini. "Namsalimia mume wa mama yenu."