Nilivyomshuku Masatu, Mpiga Besi wa Kamunyonge

Siku ya mashindano ya bendi kule Butiama naikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyooa, mwanangu, na naomba mama yako asinisikie. Wenzangu wakikumbuka ujana wao wanakumbuka walivyoshinda. Mimi nakumbuka kicheko cha uwanja mzima, na nakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekisababisha.

Ilikuwa miaka ile watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naishi Kamunyonge, pale Musoma, kwa baba mdogo, napiga tarumbeta ya kwanza katika bendi ya vijana. Usidhani ilikuwa bendi ya kutisha. Tulikuwa kumi na wanne, vyombo vyetu vimebonyea kila mahali, vingine vimezibwa kwa nta, na kwa kuwa havikututosha, tulivipiga kwa zamu. Mwalimu wetu alikuwa Mzee Kisire, mtu mfupi, mkavu, aliyepiga tarumbeta jeshini wakati wa mkoloni. Hakupenda maneno. Ukianza kujieleza alikuwa anakukatiza: "Pumzi hiyo unayoongelea, itie kwenye chombo."

Masatu alitujia akitokea upande wa Bunda. Alipewa besi, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu mwilini kama chatu, akawa analipiga kwa zamu na kijana wa Suguti aliyeitwa Wegesa. Masatu akipuliza, sauti uliisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Siku ya kwanza tu Mzee Kisire, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alivua kofia akajikuna kichwa, akasema, "Haya. Sasa tuna bendi." Mimi nilikuwa nimepiga pale miaka mitatu. Maneno hayo yalinichoma, na sikumwambia mtu.

Nakuambia hilo mapema ili ujue shaka yangu ilizaliwa wapi. Wakati ule mimi mwenyewe sikujua. Nilijiona mtu makini tu.

Kila Jumamosi, mazoezi yakiisha, Masatu alipanda basi kwenda Bunda. Nikamuuliza, "Kwenu kuna nini kila wiki?" Akajibu, "Kuna watu," halafu akainama kufunga viatu ambavyo vilikuwa vimeshafungwa. Nikaliweka hilo kichwani. Bendi ya Bunda ndiyo iliyotushinda mwaka uliotangulia, unaona, na mwaka huu tungekutana nayo tena Butiama. Nikaanza kumtazama. Niligundua kwamba anasafiri na furushi la nguo kuukuu, na akiona mtu analiangalia analihamishia kwapa la pili. Niligundua kwamba tukizungumzia familia zetu yeye anakwenda kunywa maji. Kumbe mtu ukishaamua kumchunguza mwenzako hukosi cha kuokota. Hata kimya chake unakiandika.

Jumamosi moja nikamfuata stendi. Nikasimama nyuma ya mama mmoja aliyekuwa anauza furu wa kukaushwa, najifanya nachagua samaki. Hakupanda basi siku hiyo. Alikuja kijana mmoja, amevaa skafu nyekundu ya bendi ya Bunda, Masatu akampa lile furushi, wakanong'onezana, kijana akapanda basi akaondoka nalo. Tulikuwa tumezoea kuambiwa mikutanoni kwamba vibaraka wako kati yetu, tukae macho. Nikajiona mimi ndiye niliyekaa macho peke yangu Musoma nzima.

Nilimweleza Wegesa. Alikuwa anapaka besi mafuta, hakuacha.

"Umemuuliza mwenyewe?" akasema.

"Nimuulize ili anikanushie?"

"Basi mimi sina la kusema. Jamaa anapigaga besi vizuri, hajanitendea ubaya wowote."

Nikamshuku na Wegesa kidogo, mwanangu. Ndivyo ilivyokuwa.

Wiki ya mashindano zikaja habari kwamba Bunda wataingia uwanjani na wimbo uleule wa kuingilia tuliokuwa tumeuandaa sisi. Wote wakashangaa. Mimi sikushangaa, nilihisi kama mtu aliyeshinda kesi. Mzee Kisire akabadilisha mpango palepale: tutaanza na wimbo ule, lakini filimbi ikilia tutageuka kushoto, na papo hapo tutaingia wimbo mwingine wa haraka haraka. Tukajifunza hivyo siku mbili. Masatu hakuwepo, alikuwa ameomba ruhusa kwenda kwao, na angetukuta Butiama. Mzee Kisire akanigeukia mimi. "Wewe ndiye utamwambia. Kabla hatujapanga mstari." Nikaitikia.

Tulikwenda kwa lori la ushirika, vumbi la pamba bado limo kwenye mbao zake, tukashuka Butiama tumekuwa weupe nyusi. Uwanja ulikuwa umejaa. Kitu cha kwanza nilichokiona ni Masatu, amesimama na yule kijana wa skafu nyekundu, wanacheka. Aliponiona akaja mbio, amefurahi kweli.

"Kaka Majura! Kuna jipya?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Ningehitaji maneno kumi. Lakini nikamtazama kijana wa Bunda pale nyuma yake, nikajiambia, nikimwambia huyu sasa hivi, Bunda watajua kabla sijamaliza kufuta tarumbeta.

"Hakuna," nikasema. "Kama kawaida."

Nilijidanganya kwamba nitamwambia tukiwa mstarini. Tukapanga mstari. Masatu akawekwa mbele kabisa, mkono wa kulia, maana besi ndilo linaloongoza hatua. Mimi nilikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa bega. Nilikuwa na nafasi. Tukaitwa, tukaanza kutembea, na bado nilikuwa na nafasi, kwa sababu mpiga ngoma alianza peke yake na sisi tulikuwa hatujapuliza. Niliutazama mgongo wake nikanyamaza.

Tukaanza wimbo, filimbi ikalia. Sisi wengine wote tukageuka kushoto. Masatu akaendelea mbele. Akaenda moja kwa moja kuelekea waliko wazee na wageni, kifua mbele, akipuliza peke yake wimbo ambao wenzake wameshauacha. Mtu mmoja akacheka, halafu uwanja wote. Mama mmoja alijishika tumbo. Masatu akasimama, akageuza lile besi na mwili wake wote, akaona migongo yetu iko mbali.

Unajua alifanya nini? Alikimbia. Besi begani, jasho usoni, watu wanazomea, alikimbia hadi akafika mahali pake, akasikiliza kidogo, akaushika wimbo mpya kwa sikio tu, akapiga nasi hadi mwisho. Lakini mambo yalikuwa yameshaharibika. Tukatoka wa mwisho. Bunda wakashinda.

Nyuma ya lori Mzee Kisire akatukusanya. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo tuliyoiogopa.

"Masatu. Hukuambiwa?"

Masatu akanitazama. Sijui alisoma nini usoni mwangu. Akamgeukia mwalimu. "Niliambiwa, Mwalimu. Nilisahau."

Sasa nisikilize hapa, mwanangu, maana hapa ndipo ninapoona aibu zaidi kuliko mahali pengine popote. Mtu amenibebea kosa langu mbele ya watu, na mimi badala ya kuanguka miguuni pake nikawaza: Ananifichia kwa nini huyu? Anataka nini kwangu? Nilikuwa nimefika mahali ambapo hata wema ulinifanya nikunje uso.

Wegesa ndiye aliyesema. "Hakusahau. Nilikuwepo. Alimuuliza Majura kuna jipya, Majura akamwambia hakuna."

Wote wakanigeukia. Nami nikalipuka. Nikasema Masatu anauza nyimbo zetu Bunda, nimemwona kwa macho yangu stendi akitoa furushi kwa mtu wao, na ndiyo maana wamejua hata wimbo wetu wa kuingilia. Nilisema kwa nguvu ili waliokuwa mbali nao wasikie.

Mzee Kisire alisubiri nimalize. "Ule wimbo," akasema, "mimi na mwalimu wa Bunda tulifundishwa siku moja, tumekaa benchi moja jeshini. Anaujua tangu wewe unanyonya. Ungeniuliza ningekuambia. Umekaa na mimi miaka mitatu, umeshindwa kuniuliza?" Akamtazama Masatu. "Na furushi, najua ni la nini. Lakini si langu kulisema."

Masatu alikuwa anatazama chini. Akasema polepole, "Jumamosi aje. Nitamwonyesha."

Tulikwenda Bunda, tumekaa kiti kimoja cha basi. Kutoka stendi tulitembea sana kati ya mashamba ya pamba hadi kwenye mji wa kina Masatu, wenye nyumba nne pamoja, na ya tano imekaa peke yake pembeni. Tukaenda hiyo ya tano. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni juani. Vidole vyake vilikuwa vimekatika, na mguu mmoja umefungwa vipande vya nguo kuukuu, safi, vilivyokatwa sawasawa. Vile vilikuwa vya furushi. Nguo za kufungia vidonda na dawa ya kupaka. Kijana wa skafu nyekundu alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Masatu. Alimpelekea shangazi... hapana, kwao ni mama mkubwa, alimpelekea mzigo wiki ambazo Masatu amekosa nafasi.

Mama alikuwa ameugua ukoma. Alishatibiwa, waganga wa hospitali walisema hawezi tena kumwambukiza mtu, ila miguu ilikuwa imekufa ganzi na kila mara aliumia bila kujua. Hospitali walisema hivyo, lakini majirani hawakusikia la hospitali.

"Mama, huyu ni Majura," Masatu akasema.

Uso wa yule mama ukafunguka. "Majura wa tarumbeta? Karibu, baba. Huyu kila akija anakusimuliaga. Anasema alipofika Musoma hana mtu, wewe ndiye ulisogea kwenye benchi akakaa."

Sikukumbuka kusogea, mwanangu. Labda nilisogea. Nilimtazama Masatu, nikitegemea sasa atasema. Hakumwambia mama yake kitu. Alikuwa anamfungua kitambaa cha mguuni.

Tuliletewa ugali na samaki. Mkono wangu ulisita juu ya sahani. Ulisita kidogo tu, lakini Masatu aliona. Nikala. Njiani tukirudi nikamuuliza kwa nini hakutuambia tangu mwanzo.

"Besi ni la watu wawili," akanijibu. "Mimi nikitoa mdomo, Wegesa anatia wake palepale. Mngejua, nani angepuliza baada yangu? Mngeniacha nipige?"

Jibu la kweli lilikuwa hapana, na mkono wangu ulikuwa umeshamjibu kule kwa mama yake.

Jumatatu, mazoezini, Masatu mwenyewe aliwaambia wote. Alisema kwa maneno machache, kisha akaliweka besi chini kwenye majani, akarudi nyuma hatua mbili. Zamu ilikuwa ya Wegesa. Wegesa akaenda, akaliokota, akafuta pa kupulizia kwa pindo la shati, kama alivyofanya kila siku, si zaidi wala si pungufu. Akapuliza. Mzee Kisire akahesabu moja, mbili, tukaanza.

Baada ya mazoezi niliomba msamaha mbele ya bendi nzima. Masatu alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimesikia, Majura." Alipiga nasi miaka miwili mingine, kisha akaenda kufanya kazi Mwanza. Tulisalimiana vizuri siku zote hizo, tulicheka pamoja na wenzetu. Lakini tukibaki wawili, alikuwa anapata kitu cha kwenda kufanya. Sikumlaumu. Alinisamehe, naamini, ila hakuwa na sababu ya kunipa tena imani aliyokuwa amenipa kabla.

Sasa mimi ni mzee, na ninachotaka kukuachia ni hiki. Sisemi umwamini kila mtu. Dunia ina wasaliti wa kweli, nami nimekutana nao baadaye. Ninachosema, mtu akikutia shaka, mfuate umuulize usoni, na umuulize kama mtu ambaye yuko tayari kusikia jibu. Usimwekee mtego ukauita tahadhari. Ukimnyima mwenzako neno alilostahili kuambiwa, hata kama yeye ana kosa, wewe umeshakuwa na lako. Na kabla hujamchunguza mtu, jichunguze kwanza: ni kitu gani chake kinakuuma? Mimi nilisema nailinda bendi, kumbe niliumwa na sifa aliyopewa mwingine. Watu wengi wanaoficha jambo hawafichi ubaya. Wanaficha kidonda, na wanatuficha sisi, kwa sababu wanajua tulivyo. Basi uwe mtu ambaye hawahitaji kumficha.

Mungu akupe moyo mpana, mwanangu, na ulimi unaouliza kabla ya kuhukumu. Akupe wenzako kama Wegesa, na wewe pia uwe Wegesa kwa mtu. Nyumba yako iwe na mlango ambao mgonjwa, mgeni na mnyamavu wanaukaribia bila woga. Nenda salama.