Kompyuta Iliyozimika kwa Joto

Mwaka niliponunua kompyuta, baba alikuwa ameshastaafu ualimu na masikio yake yameanza kuwa mazito, lakini kumbukumbu yake ilikuwa nzima. Ni wazee wachache pale Mwika waliojua kama yeye habari za mifongo, ile mifereji inayoteremsha maji kutoka msituni hadi migombani: nani aliuchimba upi, ukoo gani unamwagilia siku gani, na kwa nini. Alitaka ziandikwe kabla hajafa. Mimi nilikuwa na chumba cha kuchapa barua mjini Moshi. Tukakubaliana ashuke kila Jumanne na Ijumaa. Yeye aseme, mimi nichape.

Chumba changu hakikufaa kwa kazi ile. Bati lilikuwa chini, dari hakuna, na jirani yangu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga wa Mabogini. Vumbi la pumba liliingia kila mahali. Januari, saa nane mchana, mafuta ya kujipaka yaligeuka maji ndani ya kopo. Nami, ili wateja wasilipige teke sanduku la kompyuta, nililisukumia ndani ya kabati la meza, mgongo wake umegusa ukuta.

Ijumaa moja baba alikuwa amezungumza karibu saa mbili nzima juu ya mfongo wetu mkubwa, mimi nachapa bila kuinua kichwa. Kioo kikawa cheusi.

“Vipi?” akauliza.

“Imezimika, baba. Imepata joto.”

“Na maneno yangu?”

Sikuwa nimeyahifadhi hata mstari mmoja. Nilipomwambia, alijifuta uso kwa leso, akasema, “Basi nitayasema tena.”

Jumanne akayasema tena. Safari hii nilihifadhi kila baada ya sentensi chache, lakini mashine ilizimika kila robo saa, tukawa tunakaa kuisubiri ipoe. Katika kusimama na kuanza, baba akaanza kuchanganya mambo.

“Nilisema ni ukoo gani uliotangulia kuchimba?”

“Hukufika hapo, baba.”

“Nilifika.”

Ni kweli alifika. Ilikuwa katika yale yaliyopotea.

Nikafungua ubavu wa sanduku na kuelekeza feni ya mezani mle ndani. Kwa siku mbili ilisaidia. Ya tatu pumba zilikuwa zimejaa hadi kwenye waya, na mashine haikumaliza hata dakika kumi. Baba alikuwa amekaa pale na kofia yake magotini.

“Baba, usije kwanza,” nikamwambia. “Pumzika nyumbani mpaka nipate fundi. Nitakuletea habari.”

“Itachukua muda gani?”

“Wiki mbili.”

“Haya, mwanangu.”

Fundi alikuwa mtu mzima mwenye maneno machache, aliyeanza maisha kwa kutengeneza redio. Alilitoa sanduku kabatini, akalifungua, akawasha kiberiti, akakizima na kuusogeza moshi wake kwenye feni ya mgongoni mwa sanduku. Moshi ukavutwa ndani.

“Dada, aliyefunga feni hii aliigeuza,” akasema. “Ya pawa saplai, hiki kisanduku cha umeme, inatoa joto nje, hii ya chini yake inalirudisha ndani. Na huku mbele matundu yote yamezibwa na pumba. Sanduku linavuta joto lake lenyewe.”

Akaigeuza ile ya nyuma itoe nje. Ya mbele, ya kuvuta hewa ndani, ilibidi iagizwe Arusha, tukaingoja. Ilipofika, akaifunga, akakunja pembeni zile waya pana zilizoning'inia kama pazia, akafuta dawa ya zamani ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Mbele tukaweka kipande cha chandarua cha kuzuia vumbi, sanduku tukaliweka juu ya matofali, mbali na ukuta. Tukaliacha likafanya kazi mchana kutwa wa jua kali. Halikuzimika. Nilifurahi mno, sifichi. Nikapanga kupanda Mwika kesho yake kumwambia baba.

Asubuhi jirani yetu wa nyumbani Mwika alinikuta nafungua mlango wa chumba cha kazi. Baba alikuwa ameanguka migombani.

Nilipofika, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na ulimi pia. Lakini alinijua. “Shikamoo, baba,” nikasema, na kwa kukosa la kusema nikaongeza, “Mashine imepona.” Mdomo wake ukahangaika, ikatoka sauti isiyo neno. Akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia.

Kila Jumapili nilipanda na daftari. Nilimtajia koo mojamoja ili aitikie kwa kichwa. Aliitikia zote, kisha akafumba macho.

Siku moja mama aliniuliza, bila ukali, “Kwani siku zile usingemwandikia kwa mkono?”

Nikalifunga daftari.

Baba alifariki masika yaliyofuata. Kompyuta ile ilinidumu miaka mingi bila kuzimika tena. Wakati mmoja, kiangazi, watu wa mfongo waligombania zamu za maji, wakatuma wazee wawili kwangu. Walisikia baba aliacha maandishi. Nikawatolea kurasa kumi na moja, ndizo zilizobaki. Mmoja akazisoma zote pale pale, amesimama, kidole kikifuata mistari.

“Zamu hazimo,” akasema.

“Hazimo, mzee.”

Walishukuru, wakazikunja, wakaondoka nazo.