Moshi Tuliodhani Hauonekani

Mwaka ule Wadachi walipopiga vigingi vyeupe kando ya msitu na kukataza moto karibu navyo, shamba la mama lilikuwa chini kidogo tu ya kigingi kimoja. Sisi Waluguru tangu zamani tunafyeka, tunakausha, tunachoma, kisha tunaacha mvua ipige majivu. Sasa ikawa kila jani na kila kisiki tukibebe kichwani mpaka korongoni, na shamba lenyewe limesimama kama ukuta. Siku ya nne shingo ilikuwa inaniuma hata nikiwa nimelala. Lakini mama ndiye aliyenitia huruma. Goti lake la kushoto lilivimba kama boga dogo, akawa anateremka kinyumenyume, kwa mikono, kama mtoto anayeshuka kitandani.

"Mama, pumzika."

"Nikipumzika, mahindi utapanda mgongoni kwako?"

Mawingu ya vuli yalikwisha kuanza kujikusanya. Mvua ikitukuta hatujamaliza, mbegu zingebaki kibuyuni, na sisi tungekula nini mpaka masika?

Sasa mimi nina tabia ya kutazama vitu na kuviwazia. Nilisoma miaka miwili kwa masista wa misheni: kusoma, kuandika, hesabu kidogo, na kufua sana. Kulikuwa na swali lililokuwa halinitoki kichwani, kwamba mbona anga ni buluu mchana? Sista niliyemuuliza alisema Mungu alipenda hivyo, na nizidi kusugua. Basi nikajijibu mwenyewe. Moshi mwembamba wa kuni kavu ni wa buluu, nimeuona mara nyingi ukitoka kwenye paa letu. Kwa hiyo anga ni moshi wa majiko yote ya dunia, umepanda ukatulia huko juu. Nililipenda sana jibu hilo, na ndilo lililotuponza.

Siku ya saba nikamwambia mama, "Tuchome kidogo kidogo. Vikavu tu, adhuhuri. Moshi buluu, anga buluu, nani atauona?"

"Hayo umefundishwa na masista?"

"Nimeyafikiri mwenyewe."

"Ndiyo maana naogopa." Akacheka. Kisha akaketi, akalipapasa goti lake kwa muda mrefu. "Haya, washa."

Tulichoma mafungu manne. Nilisimama katikati ya shamba nikatazama juu: moshi ulikuwa umepotea kabisa angani. Nilicheza pale pale, uchovu wote nikausahau. Nusu ya shamba ilikuwa safi.

Kesho yake asubuhi akapanda mlinzi wa msitu, mtu mzima mkazi wa Mwembesongo kule mjini, anahema, kofia imelowa jasho. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaketi kwanza juu ya kisiki, maana alikuwa amechoka kuliko sisi.

"Nani jana kafua nguo huku juu?"

"Nguo gani, baba?"

"Kitambaa cha buluu, mwanangu, kimeanikwa mbele ya msitu. Nimekiona niko mjini nakunywa kahawa. Mdachi naye kakiona. Unadhani mlima huu nimeupanda kwa kupenda?"

"Lakini ulipotea angani!" Maneno yalinitoka tu. Mama akafumba macho.

Mlinzi alicheka mpaka akakohoa. "Ulipotea kwako wewe, uliyekuwa chini yake unatazama juu. Mimi wa bondeni, nyuma ya moshi naona msitu mweusi. Kitu chepesi hivyo mbele ya weusi kinang'aa! Haya, aliyewasha ni nani? Boma linataka mtu mmoja, siku kumi na mbili, barabara ya Mikese, kubeba mawe."

"Mimi," mama akasema.

"Ni mimi, baba," nikasema.

Mlinzi akalitazama goti la mama. "Bibi, mawe hayo hayajui mgonjwa." Akaninyooshea mimi fimbo.

Nikabeba mawe. Sina mengi ya kusimulia juu ya mawe. Unalibeba hili, unalirudia lile. Adhuhuri tulikaa juu ya lundo, uso kwa milima yetu, nayo ilikuwa buluu tupu, toka chini hadi kileleni. Hakuna aliyekuwa akichoma. Na mimi ninajua kule hakuna buluu: msitu ni kijani kizito, udongo mwekundu. Basi hiyo buluu iko wapi? Nikaona lazima iko hapa katikati, kati ya jicho langu na mlima, kwenye hewa yenyewe inayopigwa na jua, na weusi wa msitu ukiwa nyuma yake. Na juu labda ni vilevile: hewa inapigwa na jua, na nyuma yake, mbali, ni giza tu. Nilitamani kumwambia mtu. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu alikuwa amesinzia na jiwe mapajani. Sikumwamsha, nililiondoa jiwe taratibu, nikaliweka chini.

Siku ya tisa mvua ikanyesha. Tulibeba mawe ndani ya mvua, na mimi nilikuwa nawaza mbegu tu.

Nilipofunguliwa nikapanda mlima moja kwa moja mpaka shambani. Nilimkuta mama amekaa kwenye tope, anapanda kwa kujiburura: anachimba shimo, anatia mbegu tatu, anafukia, anasogea. Pote palipokuwa na majivu alikuwa karibu kupamaliza. Kwingine majani yalishaota upya.

"Ni nusu," alisema. "Tutakula mara moja kwa siku."

Nikalia. Nikamwambia ni makosa yangu, laiti nisingewasha moto.

"Usingewasha, nisingepata hata nusu hii. Maharage bado yana wakati. Chukua jembe, na leo usiniambie habari za juu."

Nilicheka huku nalia. Nikachukua jembe, nikaanzia pale majani yalipokuwa mafupi.